Mwalimu mmoja, watoto 612: unasihi wa shule ya msingi unaanzia wapi?

Swali (limefupishwa): Nafundisha shule ya msingi ya kijijini, wilaya ya Kilolo, Iringa. Tuna wanafunzi 612 kuanzia awali hadi la saba, mkondo mmoja mmoja, walimu 9. Tangu Januari mwalimu mkuu amenikabidhi ushauri na unasihi, juu ya nidhamu niliyokuwa nayo tayari na vipindi vyangu 26 kwa wiki. Chumba hakuna. Walimu wananiletea watoro na wapiganaji "niwanyooshe", ila wenye shida zao hawaji. Nimepakua mwongozo wa Marekani, naona ni wa dunia nyingine. Halafu kuna mtoto wa kiume wa darasa la tatu, tangu Machi hasemi kabisa darasani. Bibi yake anasema ni aibu tu. Nianzie wapi?

Jibu:

Kamwene, Mwalimu. Anzia kwenye fimbo. Kabla ya kutafuta chumba, daftari au semina, nenda kwa mwalimu mkuu umwombe akuvue nidhamu. Mtoto aliyekuona Jumatatu ukichapa watu mstarini hatakuja Jumanne kukueleza kwamba baba mdogo akirudi kutoka kwenye pombe ya ulanzi, wao wanakimbilia kulala kwa jirani. Ndiyo maana hawaji, wala usidhani ni wasiri. Na hoja ya kumpelekea mwalimu mkuu unayo: kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka yeye mwenyewe au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi 4, na viandikwe kitabuni. Kukutoa wewe kunahitaji barua moja tu ya kumteua mwenzako. Akigoma, basi mwambie unasihi aushike mtu mwingine, wewe ubaki na nidhamu. Mambo haya mawili mtu mmoja hayawezi, hata awe mpole namna gani.

Na usifanye kazi hii peke yako. Mnatakiwa kuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Mwenzako asiteuliwe ofisini. Wape wanafunzi wa la tatu hadi la saba vipande vya karatasi, kila mmoja aandike jina la mtu mzima hapa shuleni ambaye angemwambia kama kuna jambo baya limempata. Hakuna kuandika jina la mwandishi. Jina lako lisipotokea, lipokee hivyo hivyo, ndiyo matokeo ya fimbo. Mara nyingine linatokea jina la mama anayepika uji. Huyo hatakuwa mnasihi, lakini sasa unajua nani wa kumuuliza "mtoto fulani siku hizi anakula?" Kwa wadogo wa awali hadi la pili kura haisaidii. Simama uwanjani wakati wa mapumziko uangalie wanamkimbilia mwalimu gani wakianguka.

Kuhusu ule mwongozo. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na asilimia 80 ya muda wake iende kwenye kuwahudumia wanafunzi. Hapo wanazungumzia mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu. Hesabu zao ziache, lakini wazo lao la ngazi tatu lichukue: darasa zima, kikundi kidogo, mtoto mmoja. Walimu wengi huku wanaanza na kuishia ngazi ya tatu, mtoto mmoja mmoja, na kabla muhula haujafika nusu wamezidiwa.

Sasa hesabu yako. Omba upunguziwe vipindi 4, ubaki na 22. Vipindi 4 vya dakika 40 ni dakika 160 kwa wiki. Kimoja kipeleke darasani: mna madarasa 8, darasa moja kila wiki, wiki ya nane umezunguka shule nzima na muhula bado upo. Wadogo usiwazungumzishe zaidi ya dakika 20, zinazobaki wachore. Kipindi cha pili ni cha kikundi. Viwili vinavyobaki ni vya mtoto mmoja mmoja: dakika 20 hadi 25 za mazungumzo (15 kwa walio chini ya miaka 8), zinazobaki za kuandika na kupumua kabla hujarudi kufundisha. Mtoto mmoja anahitaji kukutana nawe mara 4 hadi 6. Kwa muhula wa wiki 18, hao ni watoto 6 hadi 9 tu. Ndiyo, ni wachache. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuchagua nani, na hapo kumwachia mwalimu wa darasa akuletee anayemsumbua ni kupoteza nafasi hizo chache.

Namna ya kuwapata. Chukua rejista za mahudhurio za miezi 3 na kalamu nyekundu, usome mpangilio wa kukosa badala ya kuhesabu siku tu. Anayekosa siku ile ile kila wiki, tazama siku ya gulio. Anayepotea wiki mbili mfululizo kisha anarudi kama kawaida, uliza mashamba ya nyanya na vitunguu, hasa kama mko upande wa Ilula. Hawa wana shida ya kipato, na mazungumzo na wewe hayatawajaza tumbo. Mzazi na mtendaji wa kijiji ndio wa kukaa nao. Anayefika kila siku lakini amechelewa na anasinzia kipindi cha pili, mara nyingi nyumbani anauguza mtu au analea mdogo wake. Wa kumtazama kwa makini kuliko wote ni yule asiyekosa hata siku moja, anakuja hata akiwa na homa, na jioni ndiye wa mwisho kuondoka, anazungukazunguka akitafuta cha kufagia. Rejista yake inapendeza, na kwa sababu hiyo hakuna anayemuuliza. Pengine nyumbani hakukaliki.

Kabla hujasema mtoto ana tatizo la hisia, maliza kwanza kukagua tumbo, macho na masikio. Andika ubaoni herufi za ukubwa wa kawaida, msimamishe hatua nane, azisome jicho moja moja. Kisha simama nyuma yake hatua mbili, nong'ona maneno matatu mepesi, ayarudie. Muulize jana usiku amekula nini na asubuhi amekunywa nini. Kazi ya dakika tano. Watoto wengi wanaoitwa wazito wa akili wanaishia hapo, wanahitaji kuhamishiwa dawati la mbele na kupelekwa zahanati. Masikio yanayotoa usaha huku kwenye baridi ni mengi, na mwenye nayo hazembei, hasikii.

Walimu wenzako wape karatasi yenye maswali matatu tu: umeona nini, tangu lini, umejaribu nini. Neno "mtundu" halipokelewi kama jibu la swali la kwanza. "Amempiga mwenzake mara tatu wiki hii, zote wakati wa kupanga foleni ya uji" linapokelewa, kwa sababu linakuonyesha pa kwenda kuangalia.

Sanduku la maoni watakushauri wote, na wengi wanalikosea. Linatundikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, ufunguo anao yeye, na mtoto anayetumbukiza karatasi anaonekana na shule nzima. Baada ya mwezi limejaa matusi kwa mwalimu wa hisabati, au lina buibui. Fanya hivi. Kila wiki mbili, siku moja, wanafunzi wote wa la tatu kwenda juu wanaandika na wote wanatumbukiza. Asiye na neno aandike "sina neno". Hapo mwenye neno amejificha katikati ya wenzake. Daftari la kurasa 200 lina karatasi 100. Kata kila karatasi vipande 8 upate 800, madarasa hayo matano yenye watoto kama 380 yatalitumia mara mbili. Fungueni wawili, wewe na mwenzako, siku hiyo hiyo kabla ya kwenda nyumbani. Usilaze sanduku bila kulisoma, maana kuna siku litakuwa na karatasi isiyoweza kusubiri asubuhi.

Mahali: tafuta panapoonekana lakini hapasikiki. Mwisho wa baraza, chini ya mti ulio mbele ya madarasa, darasa ambalo wenyewe wako michezoni na mlango uko wazi. Stoo ya vitabu yenye mlango wa kufunga usiitumie hata ukipewa. Inamtisha mtoto na inakuweka wewe pabaya siku ikitokea tuhuma. Viti viwili vya kimo kimoja au mkeka, mkae pembeni kwa pembeni, meza isiwepo katikati. Juni na Julai usimwite mtu kabla ya uji. Mtoto aliyetembea kilomita 3 kwenye umande na sweta lililolowa anachowaza ni jua tu, kwa hiyo mkae upande linakopiga.

Mazungumzo ya kwanza yana mambo mawili ya lazima. Moja, mwambie hajakosea, maana kwake kuitwa na mwalimu ni kesi. Mbili, mwambie mpaka wa siri kabla hajasema chochote, kwa maneno ya kawaida: "Utakayoniambia sitawaambia wenzako wala walimu. Ila ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au wewe unataka kujiumiza, nitamtafuta mtu wa kutusaidia, na nitakuambia kwanza ni nani." Ukiahidi siri ya moja kwa moja utakuja kuivunja, na mtoto huyo atakuwa amejifunza kunyamaza.

Neno "kwa nini" liweke kando. Watoto wetu wamelizoea likija na fimbo: kwa nini umechelewa, kwa nini hujafua shati. Sema "ilikuwaje", au "nisimulie asubuhi inavyokuwa nyumbani, nani anaamka wa kwanza". Usimlazimishe akutazame usoni. Amefundishwa kumwinamia mkubwa, na kuinama huko usikusome kama uongo. Mpe kitu cha mikononi. Hindi la kupukuchua linatosha kabisa: vidole vikiwa na kazi mdomo unalegea. Na punje zenyewe zinageuka kipimo. Mwekee kumi mkekani, mwambie, "Siku nzuri ni punje moja, siku mbaya sana ni kumi. Jana ilikuwa ngapi?" Akisogeza saba, usiulize saba kwa nini. Uliza, "Ingekuwa sita kungekuwa na nini?" Jibu la swali hilo ndilo la kufanyia kazi. Na kama Kiswahili chake bado kizito, aseme Kihehe. Kama wewe hukijui, mkalimani awe mtu mzima mwenye mdomo mgumu, asiwe mwanafunzi mwenzake hata kidogo.

Kikundi ni watoto 6 hadi 8 wa rika moja, mikutano 6, siku na saa ile ile. Kwetu kikundi kinachohitajika kuliko vyote ni cha wafiwa. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-23 uliipa Njombe asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, mikoa mitatu iliyo juu kuliko mingine nchini, na nyuma ya namba hizo kuna miaka mingi ya watoto kulelewa na bibi. Kosa la kawaida ni kusimama mstarini na kusema "yatima wote wabaki". Kiite kikundi cha Alhamisi, basi. Ukiwa nao, taja kifo kwa jina lake. Mtoto wa miaka 7 aliyeambiwa mama "amesafiri" au "amelala" anaendelea kumsubiri, na wengine wanaogopa kulala. Mtoto anayetumia dawa za VVU usimuulize, usimtaje, usimweke kwenye orodha. Kumweleza hali yake ni kazi ya mlezi na wahudumu wa afya, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri yake. Wewe hakikisha tu siku ya kliniki anaruhusiwa kutoka bila kuulizwa mbele za watu.

Ukatili ni jambo la peke yake, na hapo ngazi zote tatu zinasimama. Mtoto akikuambia ameingiliwa au anapigwa hadi kuumizwa, usipeleleze. Sikiliza, mwambie umemwamini na halikuwa kosa lake, uliza swali moja la wazi ("kisha ikawaje?"), andika maneno yake kama alivyoyasema, na saa uliyoyasikia. Kumrudisharudisha kwenye maelezo mbele ya walimu watano kunaharibu ushahidi na kunamuumiza upya. Siku hiyo hiyo mwambie mwalimu mkuu, na taarifa ifike kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya 116 ni ya bure, ya watoto na hata ya mtu mzima anayetoa taarifa kuhusu mtoto. Kama mtuhumiwa ni mwalimu, au ni mwalimu mkuu mwenyewe, mruke uende moja kwa moja kwa hao wengine. Kwa aliyeingiliwa, saa zinahesabika: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, isipite saa 72. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari, nguo zake zifungwe kwenye kanga kavu au karatasi, si mfuko wa plastiki, na matibabu yasisubiri PF3, ile fomu ya polisi. Kutoka vijiji vya Kilolo hadi hospitali wakati wa mvua siku nzima inaweza kuishia barabarani, kwa hiyo jua kabla ya tukio ni gari la nani litakodiwa na nauli itatoka fungu gani.

Wazee watakuja. Watasema familia zimekaa, kuna ng'ombe ametolewa, mtoto ataharibiwa jina. Usikae kwenye kikao hicho hata kwa heshima, maana ukikaa umekuwa shahidi wa kuuzima. Jibu la kuwapa ni fupi na la adabu: "Wazee wangu, mimi sheria inanitaka nitoe taarifa, na nimeshatoa." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaliweka jukumu hilo kwa kila mwanajamii mwenye taarifa, mwalimu akiwemo. Wakikuta umeshatoa, mjadala unakuwa umekwisha kabla haujaanza. Wakikuta bado, watakaa hadi usiku.

Daftari la kesi liwe na namba, majina yawe kwenye daftari jingine nyumbani kwa mwenzako au kwa mwalimu mkuu. Kila mkutano mistari mitano: tarehe, kilichoonekana, alichosema, mlichokubaliana, lini tena. Maoni yako kuhusu mama yake usiyaandike. Sanduku la bati lenye kufuli linatosha. Wathibiti ubora wa shule wakija watataka kuona kazi, na utawaonyesha jedwali: wangapi, darasa, jinsi, aina ya shida, waliopewa rufaa, waliomaliza. Simulizi hawana haja nazo, na ukiwapa zitasomwa ofisini kwa sauti.

Wazazi: barua ya wito inaleta hofu, au inaleta bibi asiyejua kusoma aliyeacha shamba bila kujua kosa. Tangulia na jambo jema la mtoto, kwa mdomo, njiani. Novemba na Desemba wanapanda, usiwaite. Ila Novemba hiyo hiyo waangalie wasichana wa la tano hadi la saba wanaoanza kutajiwa "dada wa mjini anakuja Krismasi". Ndio wanaoondoka kwenda kazi za ndani Dar es Salaam, na Januari rejista inaandika mtoro.

Nimemwacha mwisho yule wa darasa la tatu, maana kwake nisingesubiri mpango ukamilike. Swali la kwanza ni dogo: anasema wapi? Muulize bibi kama nyumbani anaongea, sikiliza uwanjani kama anapiga kelele kwenye mpira, mpime masikio kama nilivyoeleza. Kama anaongea nyumbani na uwanjani, amenyamaza darasani tu, basi kuna kitu cha darasani: mwalimu mpya, kuchekwa aliposoma, kuchapwa kwa jibu. Hapo walimu waache kumsimamisha na kumwambia "sema!", na pipi za kumshawishi mbele ya wenzake ziachwe pia. Wiki mbili za kwanza ajibu kwa kutikisa kichwa au kunyoosha vidole. Kisha amnong'oneze rafiki mmoja aliye naye dawati moja, rafiki ndiye aseme. Kisha anong'one mwenyewe kwa mwalimu akiwa amesogelewa. Hesabu wiki 8 hadi 12, na siku akisema neno la kwanza kwa sauti, msipige makofi. Endeleeni na somo.

Lakini kama amenyamaza kote, nyumbani na uwanjani pia, na ilianza ghafla Machi, hiyo si aibu. Aibu haina tarehe ya kuanza. Bibi amsindikize hospitali ya wilaya akaonwe, na wewe Jumanne hii keti naye dakika 15 na hindi moja, bila kumuuliza chochote kuhusu kusema. Mwekee punje kumi na umwonyeshe kipimo. Halafu usiulize jana. Uliza Februari ilikuwa punje ngapi, kisha uliza Machi, na uangalie mkono wake unasogeza ngapi.